Siku Baba Alipokataa Mwanawe Aitwe Mtoto

Waliokuwa ndani ya ofisi ya Bwana DO pale Kisii siku ile ni hawa. Bwana DO mwenyewe, ofisa wa wilaya, Mzungu kijana ambaye shingo yake ilikuwa bado haijazoea jua letu. Mkalimani wake, Mgusii mwenzetu wa upande wa Nyamira, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini. Baba yangu mzazi. Mama yangu, mke wake wa kwanza na wa mwisho, maana baba aliingia Usabato kabla hajapata ng'ombe wa kuolea mke wa pili. Ndugu yangu, tumbo moja na mimi, yeye akinitangulia. Binamu yetu, mwana wa kaka mkubwa wa baba, akiwa amevaa sare ya askari wa chifu na viatu vinavyolia. Mzee wa duka la mjini, Mwislamu, mama yake Mgusii na baba yake mtu wa pwani aliyekuja na biashara akasahau kurudi. Huyu ndiye aliyeibiwa baiskeli. Na mimi, mtoto mgongoni. Mimi hakuna aliyeniita. Nilitoka Ekerenyo nilikoolewa, nikalala kwa mama karibu na Nyakoe, nikafuatana nao asubuhi, kwa sababu ningebaki nyumbani ningepasuka.

Majina yao ninayo yote, pamoja na ya baba zao na ya babu zao. Siyaandiki. Wana wajukuu, na mimi kwa umri huu sitaki mgeni wa kuja kunigombeza kibarazani.

Tulikuwa tumekwenda kuuliza jambo moja tu. Ndugu yangu alipofungwa jela, miaka mingi nyuma, alikuwa mtoto au mtu mzima? Kama alikuwa mtoto, hospitali ingeweza kumchukua kumfunza kazi ya dresa, afunge vidonda na kugawa dawa, kazi aliyokuwa akiitamani kuliko ng'ombe. Kama alikuwa mtu mzima, basi alikuwa mwizi aliyetiwa hatiani, na angeendelea kufagia zahanati hadi mgongo umpinde. Swali lenyewe dogo hivyo. Na waliokuwa hawataki kulijibu walikuwa wawili: baba yangu, na ndugu yangu mwenyewe. Hata leo nikikumbuka, nasikia joto likinipanda masikioni.

Ngoja nianzie kwenye baiskeli.

Vita vya Hitler vilikuwa havijaisha. Mzee wa duka alikuwa anakuja Nyakoe siku za soko kununua ngozi, na baiskeli yake alikuwa anaiegemeza kwenye mkaratusi nyuma ya wauza ndizi. Ndugu yangu na binamu yetu waliitazama baiskeli hiyo soko baada ya soko, kama mbwa anavyotazama mfupa ulio juu ya paa. Siku moja wakaichukua. Walitaka kuionja tu, wanasema, na mimi nawaamini, kwa sababu mtu anayetaka kuuza baiskeli haipandi pamoja na mwenzake nyuma, akateremka nayo mlima wote hadi kijitoni. Gurudumu la mbele likawa kama kiazi kitamu. Hapo ndipo wangeirudisha, wakalia, wakachapwa, yakaisha. Lakini hapana! Waliifukia chini ya majani ya migomba, na binamu yangu akafungua kengele, akaenda akaifunga kwenye shingo ya ndama wao. Nyumba nzima ya baba mkubwa ikawa inalia kengele ya baiskeli kila ndama akienda kunyonya. Askari hawakuhitaji hata kuuliza njia.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu Gusii mtoto wa kiume haachi utoto kwa kuhesabu miaka. Anauacha kwa kisu, alfajiri ya baridi, baada ya mavuno. Kabla ya siku hiyo anaitwa omoisia, na anatumwa na kila mtu. Baada ya siku hiyo ni mwanaume, hata kama sauti yake bado ni ya filimbi, na ukimwita omoisia umemtukana yeye na baba yake na kaburi la babu yake. Ndugu yangu alikuwa ametahiriwa mavuno yaliyotangulia. Alikuwa mdogo, lakini mrefu, mwenye mabega. Binamu yangu alikuwa amemzidi umri, tena kwa wazi, lakini alikuwa mfupi na hakuwa ametahiriwa. Baba yake alikuwa Kericho akichuma majani ya chai ya Wazungu, na alikuwa ametuma neno kwamba mwanawe asiguswe hadi yeye arudi. Harudi, kijana anakaa. Wenzake wote walikuwa wanaume, yeye bado anachunga mbuzi na watoto wasiojua kupangusa pua.

Basi wakapelekwa mbele ya DO wa wakati ule, siye yule kijana niliyemtaja, ni mwingine, mtu wa haraka. Mama alinichukua nimbebee chungu cha chakula. Ndugu yangu na binamu yangu walisimama bega kwa bega, au niseme bega kwa kichwa. Bwana DO akauliza kama hawa ni watoto au watu wazima, na mkalimani akamgeukia baba.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mwanangu si omoisia," akasema. "Ametahiriwa. Hakulia, hakupepesa jicho. Muulize yeyote."

"Mzee, Bwana anauliza umri."

"Nimeshamwambia umri."

"Anauliza miaka."

"Mtu anahesabiwa miaka kama ndama? Nimesema ni mwanaume."

Mama alimvuta koti kwa nyuma. Baba akausukuma mkono wake vile mtu anavyofukuza nzi. Mkalimani akamwambia Bwana DO kwamba mzazi anasema huyu ni mtu mzima, na Bwana DO akamwangalia ndugu yangu kutoka chini hadi juu, akaandika. Mama, aliyembeba tumboni, aliyejua mwezi na mvua iliyokuwa ikinyesha, hakuulizwa. Mume akiwapo, mke hasemi kortini. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Kisha wakafika kwa binamu yangu. Baba yake hayupo. Ikabidi aulizwe mama yake, mama mkubwa wetu, na mama mkubwa alikuwa mwanamke aliyechoka kuona haya.

"Huyu ni mtoto, Bwana. Hajatahiriwa. Baba yake amejificha Kericho, mimi nachekwa hadi kisimani. Ukimpeleka jela, nani atachunga mbuzi?"

Watu wakacheka. Binamu yangu akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Angeweza kuingia ardhini angeingia. Na aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomwokoa, wala hakujua.

Kesi ikakatwa vipande viwili. Ya ndugu yangu ilisikizwa mbele ya watu wote, hata wauza karanga waliosimama dirishani. Akaambiwa ametiwa hatiani kwa wizi, na hukumu ni kifungo, tangu kupalilia wimbi hadi kuvuna. Alama za vidole zikachukuliwa. Kisha sisi wote tukatolewa nje ili kesi ya mtoto isikizwe peke yake, akabaki mama mkubwa na mwanawe. Yaliyosemwa humo ndani mama mkubwa alitusimulia njiani, na alikuwa na kichwa cha kushika maneno.

Bwana DO, anasema, alishuka kutoka kwenye kiti kile cha juu, akakaa kwenye meza ya kawaida. Akamwambia binamu yangu: imeonekana kwamba ulifanya jambo hili. Naamuru uchapwe, kisha urudi kwa mama yako akuchunge. Lakini wewe ni mtoto, na sheria ya watoto ni nyingine. Hujatiwa hatiani kama mhalifu, wala hiki nilichokiamuru si hukumu ya mhalifu. Siku moja ukiwa mkubwa, mtu akikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani kortini, mwambie hapana, na hutakuwa umedanganya.

"Kwa hiyo hakuiba?" mama akauliza.

"Aliiba," mama mkubwa akasema. "Imeonekana aliiba. Lakini haikuandikwa kule wanakoandikwa wezi."

"Na wangu?"

Mama mkubwa aliangalia njia.

Baba alikuwa mbele yetu, ameinua kichwa. Alimwambia mtu tuliyekutana naye darajani kwamba mwanawe amehukumiwa kama mwanaume, na yule wa kaka yake amechapwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Mama alisikia. Alisema neno moja tu: "Haya." Mama akisema haya, wewe unayemjua unatafuta kazi ya kufanya mbali naye.

Niliwahi kumwona ndugu yangu wakati wa kifungo. Tulikuwa tumepeleka ndizi kuuza pale Daraja Mbili, wafungwa wakapita wamebeba mawe ya barabara. Kichwa kimenyolewa, kaptura ya jela imefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu haikushonewa kiuno cha mtoto. Mama alimwomba askari, askari akatazama pembeni, mama akamnyooshea ndizi mbivu.

"Nimeshiba," ndugu yangu akasema.

Ameshiba! Mbavu zake ningeweza kuzihesabu kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini wanaume wengine walikuwa wanamtazama, na yeye alikuwa mwanaume, si alishahukumiwa? Mama alirudi na ndizi yake mkononi, akanipa mimi.

Hata mzee wa duka hakufurahi. Alikuja Nyakoe kwa miguu, akamwambia mama mbele ya watu, "Mama, mimi nilitaka baiskeli yangu. Mfungwa sikuomba."

Miaka ikaenda. Binamu yangu alitahiriwa hatimaye, kwa shangwe kubwa, na baba yake akachinja. Alipokuwa kijana kamili, chifu akatafuta askari. Wakamuuliza kama amewahi kutiwa hatiani kortini. Akasema hapana, na hakudanganya. Wakampa sare, kofia na rungu. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kukamata wezi wa kuku na wapika pombe ya chang'aa, akitembea kifua mbele.

Ndugu yangu alipata kazi ya kufagia zahanati. Alifagia, lakini macho yake yalikuwa kwa dresa. Akajifunza kuosha kidonda bila mgonjwa kupiga kelele, kukunja bandeji, kushika mtoto wa sindano. Ikafika mahali kina mama wenye watoto wanamwomba yeye. Dresa mwenyewe, mtu mwema, akapeleka jina lake hospitali kubwa ya Kisii walipotaka vijana wa kufunzwa. Aliulizwa swali lile lile aliloulizwa binamu yangu. Naye akasema ukweli wake: nilitiwa hatiani kwa wizi, nikafungwa. Karani akamwambia asante, rudi nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsalimu mama. Binamu yangu alipita kutoa pole, viatu vinalia kutoka barabarani.

"Ndugu yangu," akasema, "serikali ni kali."

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe uliyefunga kengele ya mtu kwenye shingo ya ndama ndiye unatuambia serikali ni kali?"

"Dada, mimi nafuata sheria."

"Sheria ndiyo imekufuata wewe ikakukosa!"

Alikunywa uji wake haraka haraka akaondoka.

Jambo hili nililielewa kwa mzee wa duka. Nilikwenda kununua chumvi, nikamkuta na mjukuu wake akitambaa sakafuni kati ya magunia. Aliuliza habari za ndugu yangu, nikamwambia. Akaacha kupima.

"Hebu, mwanangu. Yule askari anayekuja hapa kunywa chai yangu bila kuulizwa, si ndiye mwenzake?"

"Ndiye."

"Kosa moja?"

"Kosa moja, baiskeli moja, mteremko mmoja."

"Basi imekuwaje mmoja ana rungu la serikali na mwingine ana ufagio?"

"Yule alihesabiwa mtoto."

"Na nani mkubwa kwa kuzaliwa?"

"Askari."

Mzee alijishika kichwa kwa mikono miwili. "La haula! Sheria yao inaangalia miaka, haiangalii kisu. Sisi Waislamu watoto wetu tunawatahiri wangali wadogo. Huyu hapa," akamwonyesha mjukuu, ambaye alikuwa anatafuna kipande cha gunia, "ameshatahiriwa. Kwa hesabu ya baba yako, huyu leo akikamatwa na sukari yangu mdomoni, afungwe na kazi ngumu! Nendeni mkamwambie DO aliyepo sasa kwamba ndugu yako naye alikuwa mtoto. Nitakuja mimi mwenyewe."

Nilirudi kwa mama nikikimbia na chumvi kichwani. Nilidhani nimebeba dawa. Jamani! Nilikuwa sijawajua watu wetu.

"Niende mbele ya Mzungu," baba akasema, "niseme mwanangu alikuwa omoisia?"

"Hapana, tata. Hakuna anayesema hakutahiriwa. Useme tu miaka yake ilikuwa michache."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, tata!"

"Mtu ni mwanaume au si mwanaume. Nilisema ni mwanaume, nikaapa. Leo nikaape kinyume? Watu wa rika lake watasema kisu chake kilikuwa cha mchezo."

Nikamgeukia ndugu yangu, nikitumaini kwamba tumbo lililotuzaa lilimpa akili kidogo. Naye akainua kidevu.

"Nililala na wanaume kule ndani," akasema. "Nikavunja mawe na wanaume. Usiku nilikuwa silii—" akaanza upya. "Leo niambiwe nilikuwa mtoto? Basi nilivumilia nini?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na mwiko. Nikasema, "Sawa. Wafagilieni wanaume zahanati yao. Fagio ni nyingi."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso. Alichambua hadi akamaliza, akaondoa mawe akayatupa nje, kisha akasema, "Sabato ikipita, mimi naenda Kisii. Atakayekuja na aje."

Walikuja wote. Baba alikuja kwa sababu mke wake hawezi kusimama peke yake mbele ya Mzungu. Ndugu yangu alikuja kwa sababu mama hawezi kutembea njia ile peke yake. Binamu yangu alikuja kwa sababu chifu alimtuma. Mzee wa duka alikuwa ametutangulia, amekaa kwenye ngazi na kofia yake nyeupe, ananung'unika kwamba Wagusii wanaamka wakati jua limeshachoka.

Bwana DO huyu kijana alikuwa msikivu, nitasema kweli. Alieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kupimapima: kama mtu huyu alikuwa chini ya umri ule uliowekwa na sheria, hakustahili kuhukumiwa kama mtu mzima, na kuna jambo linaloweza kufanywa. Lakini lazima asikie kutoka kwa mtu anayejua kuzaliwa kwake. Akamwangalia baba.

Baba akakohoa. "Mwanangu," akaanza, "alikuwa ametahiriwa. Hakulia, haku—"

Nilishtuka hivi kwamba nilimbana mtoto mgongoni, akapiga kelele.

"Mzee, sikuulizi habari ya kutahiriwa," Bwana DO akasema. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Alikuwa mwanaume."

Bwana DO akamgeukia ndugu yangu. Ndugu yangu akasimama wima kiaskari kuliko askari aliyekuwepo. "Nilikuwa mwanaume," akasema.

Mzee wa duka hakuvumilia. "Bwana, usiwasikilize! Alikuwa mtoto. Alikuwa mrefu, ndiyo, lakini hata mgomba ni mrefu na una mwaka mmoja!"

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

"Mimi? Hapana, lakini macho ninayo."

"Basi siwezi kukuandika." Akamwuliza binamu yangu, "Wewe askari, ndiye uliyekuwa naye. Nani mkubwa?"

Binamu yangu akaangalia viatu vyake. Alijua vizuri. Lakini mbele ya wakubwa zake wa kazi hakutaka kukumbusha mtu habari za baiskeli, ingawa sheria ilikuwa imeshamlinda na hakuna ambaye angemgusa. "Sikumbuki vizuri, Bwana," akasema. Nilimtazama hivi kwamba hadi anakufa, nafikiri, sehemu ile ya shavu ilikuwa ikimuuma.

Bwana DO akaweka kalamu chini. Akasema amesikitika, lakini kama baba mzazi na kijana mwenyewe wanasema alikuwa mtu mzima, yeye hawezi kusema vingine. Atafunga shauri. Mkalimani akatafsiri polepole, neno kwa neno, akimwangalia baba kama mtu anayemwonyesha mwenzake shimo.

Niliona mkono wa ndugu yangu ukikunjuka na kukunjika, ule mkono mwepesi wa bandeji. Baba naye aliuona, kwa maana alikuwa anautazama. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote cha mtoto wake.

Kisha akasimama, akavuta koti lake.

"Nje kuna mtu ananiita," akasema.

Hakuna aliyekuwa akimwita. Nje kulikuwa na mbuzi na bendera tu. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake.

Mlango ulipogota, mama alikuwa ameshasimama. Hakungoja kuulizwa. Alizungumza Ekegusii, na mkalimani alikuwa akimfuata mbio mbio.

"Huyu nilimzaa nzige wakiwa bado shambani," akasema. "Wale wanaoruka walikuwa wameshakula wimbi, wakataga, na watoto wao wasio na mabawa walikuwa wanatembea hadi ndani ya nyumba. Nilikuwa nimelala na huyu kifuani, nawafagia kitandani kwa mkono mmoja. Tulikula mizizi ya mgomba. Maziwa yalinikatika. Na huyu askari asiyekumbuka, wakati huo alikuwa anatembea, ana kikapu chake, anatuokotea nzige tukaange. Muulize kama hakumbuki utamu wake."

Bwana DO alijua miaka ya nzige. Nzige hawakubagua shamba la Mzungu. Alihesabu kwa vidole, akarudia, akamwuliza mkalimani, akahesabu tena kwenye karatasi. Akasema, "Basi alikuwa mtoto."

Ndugu yangu akafungua mdomo.

"Nyamaza," mama akasema, bila hata kumgeukia. "Mwanaume hamkatizi mama yake."

Akanyamaza. Ni mara ya kwanza uanaume wake ulitusaidia.

Msidhani yaliishia hapo. Bwana DO alisema yeye hana mkono wa kufuta alichofanya mwenzake. Ataandika, jaji wa Nairobi ataangalia. Tukangoja. Tulipalilia, tukavuna, tukapanda tena. Darasa la madresa likaanza bila ndugu yangu, naye anafagia. Niliacha kuuliza, kwa sababu kila nikiuliza najibiwa kwamba karatasi iko njiani, nami nilikuwa nimeshajua njia ya Nairobi ni ndefu lakini sikujua ni ndefu hivyo.

Ikaja. Kutiwa hatiani kwake kumeondolewa. Kilichobaki ni kwamba imeonekana alifanya, akiwa mtoto, na hilo hospitali haliwahusu. Aliingia darasa lililofuata. Alikuja kuwa dresa ambaye watu walimfuata kutoka ng'ambo ya mto, na mkono wake ndio uliowashika wanangu watatu kwa sindano.

Siku habari ilipofika, baba alikaa kwenye kigoda chake, akakunja miguu. "Mimi," akasema, "nilijua tangu mwanzo kwamba mambo haya yatanyooka."

Mama alitoka nje akaenda shambani, jua likiwa utosini, bila jembe.

Nilimkuta mkalimani siku moja sokoni, nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua. Miezi ile aliyobeba mawe, na yeye kumbe alikuwa mtoto, sheria inasemaje?

"Haisemi, dada," akaniambia, akaendelea kuchagua nyanya.

Sasa kuna watu wa ukoo wetu, na hasa watoto wa binamu yangu, wanaosimulia kwamba baba hakutoka mwenyewe. Wanasema Bwana DO alikasirika akamtoa nje kwa amri, na kwamba aliyemfungulia mlango ni baba yao, askari. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake, na mtoto analia, na nilimwona akisimama kwa miguu yake mwenyewe na kuvuta mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hilo la baba ndilo jema pekee ninalolijua katika jambo hili lote, na sitaki linyang'anywe na watu waliokuwa hawajazaliwa. Mengine naweza kuwa nimechanganya: labda mzee wa duka alisema mpapai na si mgomba, labda ile haikuwa Jumatatu baada ya Sabato bali Jumanne. Hayo nisahihisheni bila woga, nitashukuru. Na hilo la mlango pia, kama nimekosea, aje anayejua aniambie. Ila aje aliyekuwa ndani.